Haki ya kumiliki mali katika Katiba ya Tanzania

Haki ya kumiliki mali katika Katiba ya Tanzania ni haki ya msingi inayotajwa katika ibara ya 24 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. Ibara hiyo inampa kila mtu haki ya kuwa na mali na haki ya mali hiyo kuhifadhiwa kwa mujibu wa sheria. Inakataza pia mtu kunyang'anywa mali yake, iwe kwa kutaifishwa au kwa sababu nyingine, bila sheria inayoruhusu jambo hilo na inayoweka masharti ya kulipa fidia inayostahili.

Nchini Tanzania ardhi yote ni ardhi ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mtu hamiliki udongo wenyewe bali haki ya kuukalia na kuutumia. Kwa sababu hiyo kwa miaka mingi lilikuwepo swali kama mkulima anayeishi kwenye shamba la urithi, bila hati yoyote, ana "mali" inayolindwa na Katiba. Mahakama ya Rufani ilijibu ndiyo mwaka 1994, katika kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na Joseph Lohay.

Jibu hilo linawagusa wakazi wengi wa vijijini. Mfano mmojawapo ni Lyulilo, makazi ya ufukweni jirani na Matema katika Wilaya ya Kyela, Mkoa wa Mbeya, ambako ardhi kati ya Ziwa Nyasa na milima ya Livingstone ni nyembamba na nyingi imepatikana kwa mila na urithi.

## Maneno ya ibara ya 24

Ibara ya 24 ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza inatoa haki yenyewe, lakini inaiweka chini ya sheria za nchi. Maana yake ni kwamba Bunge linaweza kutunga sheria zinazoeleza namna mali inavyopatikana, inavyotumiwa na inavyopotea.

Sehemu ya pili inaweka mpaka wa uwezo huo. Mali haiwezi kuchukuliwa kwa amri tupu ya kiongozi. Lazima kuwe na sheria, na sheria hiyo lazima itoe fidia. Katiba haitaji kiasi cha fidia wala muda wa kuilipa. Mambo hayo yamewekwa na sheria za kawaida, hasa sheria za ardhi za mwaka 1999.

Ibara ya 24 husomwa pamoja na ibara ya 30, inayosema kwamba haki za msingi hazizuii sheria zenye lengo la manufaa ya umma, ikiwemo mipango ya maendeleo ya miji na vijiji na utafutaji wa madini. Ibara ya 27 inaongeza wajibu wa kila mtu kulinda maliasili na mali ya umma.

Neno "mali" katika ibara hii halihusu ardhi peke yake. Linahusu pia nyumba, mifugo, mazao, vyombo vya kazi, fedha na vitu vingine vinavyohamishika.

## Historia

### Wakati wa ukoloni

Mwaka 1895 serikali ya Ujerumani ilitangaza kwamba ardhi ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani iliyohesabiwa kuwa haina mwenyewe ni mali ya dola. Ardhi ya watu binafsi, machifu na jamii za wenyeji ilitengwa, lakini aliyedai kuwa nayo alitakiwa kuthibitisha.

Waingereza walitunga Sheria ya Ardhi mwaka 1923. Ilitangaza ardhi ya Tanganyika kuwa ardhi ya umma chini ya usimamizi wa Gavana. Marekebisho ya mwaka 1928 yalitambua kwamba mwenyeji au jamii ya wenyeji inayotumia ardhi kwa mila nayo ina haki ya kuikalia. Hata hivyo haki hiyo ilionekana dhaifu kuliko ile iliyotolewa kwa hati na serikali.

### Baada ya uhuru

Katiba ya uhuru ya mwaka 1961 haikuwa na sura ya haki za binadamu. Mwaka 1963 umiliki wa ardhi wa kudumu, ambao ulikuwa hasa wa walowezi na makampuni, uligeuzwa kuwa upangaji wa miaka 99 kutoka serikalini. Mwaka 1969 upangaji huo nao uligeuzwa kuwa haki ya kukalia ardhi.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, benki na makampuni makubwa yalitaifishwa. Mwaka huohuo ilitungwa Sheria ya Utwaaji Ardhi, inayomruhusu Rais kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma. Kwa sheria hiyo ardhi tupu haikulipiwa. Kilicholipiwa ni maendelezo yaliyomo, kama nyumba na mazao. Mwaka 1971 ilifuata sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani kubwa.

Kati ya mwaka 1973 na 1976 mamilioni ya watu walihamishiwa katika vijiji vya pamoja. Mara nyingi familia ziligawiwa mashamba yaliyokuwa ya watu wengine kwa mila. Katika miaka ya 1980 baadhi ya wenye mashamba ya zamani walianza kufungua kesi kuyadai, na wengine walishinda.

### Kuingizwa kwa haki za binadamu

Haki za msingi ziliingizwa katika Katiba kwa mabadiliko ya tano ya mwaka 1984, yaliyoanza kutumika mwaka 1985. Serikali ilipewa miaka mitatu ya kurekebisha sheria zake, kwa hiyo wananchi waliweza kudai haki hizo mahakamani kuanzia Machi 1988.

## Kesi ya Lohay Akonaay

Lohay Akonaay na mwanawe Joseph Lohay waliishi katika kijiji cha Kambi ya Simba, kata ya Mbulumbulu, wakati huo ikiwa Wilaya ya Mbulu katika Mkoa wa Arusha. Mwaka 1987 walifungua kesi kudai shamba lao la kimila na wakashinda. Wakati rufaa ya upande wa pili ikisubiri kusikilizwa, Bunge lilitunga Sheria Namba 22 ya mwaka 1992 kuhusu umiliki wa ardhi katika vijiji vilivyoanzishwa.

Sheria hiyo ilifuta haki za kimila katika vijiji hivyo. Ilizuia fidia kwa kupotea kwa haki hizo, isipokuwa kwa maendelezo, na ilizuia kesi za aina hiyo kusikilizwa na mahakama za kawaida. Baba na mwana walikwenda Mahakama Kuu mjini Arusha, nayo ikaamua kwamba vifungu kadhaa vilikuwa kinyume cha Katiba. Serikali ikakata rufaa.

Mahakama ya Rufani ilitoa uamuzi mwezi Desemba 1994, na hukumu iliandikwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali. Mambo makuu yaliyoamuliwa ni haya:

* Haki ya kimila ya kukalia ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24, ingawa ni haki ya kukaa na kutumia tu.
* Kumnyang'anya mtu haki hiyo bila fidia inayostahili ni kuvunja Katiba. Kanuni hiyohiyo inahusu haki iliyotolewa kwa hati.
* Fidia haihusu maendelezo peke yake. Mtu aliyetia nguvu zake katika ardhi anastahili fidia hata kama hakuna jengo wala zao lililobaki juu yake.
* Fidia inaweza kutofautiana kwa kila kesi, na wakati mwingine kupewa ardhi nyingine kunatosha.
* Rais ni mdhamini wa ardhi ya umma, na mdhamini hawezi kuitumia kinyume cha maslahi ya wale anaowashikia.
* Wananchi hawawezi kufungiwa mlango wa mahakama.

Kuhusu nguvu ya mkulima, mahakama ilirejea andiko la Julius Nyerere la mwaka 1958 liitwalo *Mali ya Taifa*. Humo Nyerere alieleza kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu kwa wote, lakini anayeifyeka na kuilima anapata haki juu ya kile alichokiongeza kwa jasho lake. Hivyo hoja iliyokuwa imetumika kupinga umiliki binafsi wa ardhi ilisaidia pia kumlinda mkulima mdogo dhidi ya kunyang'anywa.

## Sheria za ardhi za mwaka 1999

Kabla ya hukumu hiyo, tume ya Rais iliyoongozwa na Issa Shivji ilikuwa imechunguza migogoro ya ardhi nchini katika miaka ya 1991 na 1992. Sera ya Taifa ya Ardhi ilitolewa mwaka 1995. Sheria ya Ardhi (Namba 4) na Sheria ya Ardhi ya Vijiji (Namba 5) zilitungwa mwaka 1999 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2001.

Sheria hizo zinagawa ardhi katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya kijiji na ardhi ya hifadhi. Zinasema pia kwamba haki ya kimila ina hadhi sawa na haki inayotolewa kwa hati na serikali.

### Fidia

Sheria ya Ardhi inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Hesabu yake hujumlisha:

* thamani ya ardhi na maendelezo kwa bei ya soko;
* posho ya usumbufu;
* posho ya usafiri;
* hasara ya faida au ya makazi;
* gharama za kupata ardhi hiyo;
* gharama nyingine za moja kwa moja.

Kwa kanuni za mwaka 2001, fidia isiyolipwa ndani ya miezi 6 inaongezewa riba. Makaburi yana sheria yake ya mwaka 1969, ambayo inaitaka serikali kugharamia uhamishaji wake. Jambo hilo ni muhimu kwa jamii zinazozika karibu na nyumba, kama Wanyakyusa.

### Kuhamisha ardhi ya kijiji

Rais anaweza kuhamisha ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla au ya hifadhi kwa manufaa ya umma. Kijiji lazima kipewe taarifa, na wanaotumia ardhi hiyo wana haki ya kutoa maoni. Eneo lisilozidi hekta 250 linahitaji idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Likizidi hapo, uamuzi ni wa waziri baada ya kuzingatia mapendekezo ya mkutano huo. Uhamisho haukamiliki kabla ya kukubaliana kuhusu aina, kiasi na muda wa kulipa fidia.

## Mfano wa Lyulilo

Lyulilo iko kwenye pembe ya kaskazini mashariki ya Ziwa Nyasa. Inajulikana kwa soko la vyungu la Jumamosi, ambapo vyungu vya Wakisi huletwa kwa mitumbwi kutoka Ikombe na sehemu nyingine za ufuo. Upande wa magharibi kuna tambarare ya Kyela yenye mpunga, kakao, migomba na michikichi.

### Ardhi na mila

Wanyakyusa wa zamani walijulikana kwa vijiji vya rika: vijana wa umri mmoja walijenga kijiji chao, na ardhi iligawanywa upya kizazi kipya kiliposhika uongozi. Mwanaanthropolojia Philip Gulliver alionyesha mwaka 1958 kwamba uhaba wa ardhi na mazao ya biashara, yaani kahawa milimani na mpunga tambarare, ulikuwa umebadilisha utaratibu huo. Mashamba yalizidi kushikwa na familia na kurithiwa.

Kwa hiyo mila inayolindwa na Katiba si kitu kilichosimama. Mahakama huangalia mila jinsi inavyofuatwa sasa, pamoja na ushahidi kama vile nani amelima, tangu lini, majirani wa mipaka ni akina nani na miti ya kudumu ilipandwa na nani. Mkakao au mchikichi uliozeeka unaweza kuwa ushahidi mzuri kuliko maneno.

Mwenye shamba la kimila anaweza kuomba hati ya hakimiliki ya kimila katika Halmashauri ya Kijiji. Kwanza kijiji kinapaswa kuwa na mipaka iliyokubaliwa, cheti cha ardhi ya kijiji na masjala ya ardhi. Kukosa hati hakuondoi haki. Hati hurahisisha kuithibitisha.

### Ufukwe na mita 60

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufuo wa bahari au ziwa na kingo za mito. Katika sehemu kama Lyulilo, ambako mlima unakaribia maji, mita 60 zinaweza kuchukua sehemu kubwa ya eneo linalofaa kujengwa. Maji ya Ziwa Nyasa pia hupanda na kushuka kwa miaka, na hivyo mstari wa ufuo husogea.

Hapa kuna tofauti muhimu ya kisheria. Kuzuia matumizi fulani ya ardhi kwa ajili ya mazingira si lazima kuwe kumnyang'anya mtu mali, maana ibara ya 30 inaruhusu sheria za namna hiyo. Lakini mtu akiondolewa kabisa mahali alipokuwa na haki halali, swali la fidia chini ya ibara ya 24 linafufuka. Mambo yanayoangaliwa ni kama haki yake ilianza kabla ya katazo na kama alijenga kwa kufuata sheria.

### Barabara

Barabara inayofika ufukweni huongeza thamani ya viwanja, na huleta pia suala la hifadhi ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake zilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani huhesabiwa kuwa mvamizi na halipwi. Aliyefikiwa na upanuzi ana haki ya kulipwa eneo lake linapohitajika. Ndiyo sababu nyumba za kando ya barabara huwekwa alama ya X nyekundu kwa wasiolipwa na ya kijani kwa wanaostahili fidia.

### Mali isiyo ardhi

Vyungu sokoni, mitumbwi na nyavu ni mali za wenyewe kama ilivyo nyumba. Ofisa anayevichukua lazima awe na sheria inayomruhusu. Kwa mfano, Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inaruhusu kukamata zana haramu za uvuvi. Wavu halali hauwezi kuchukuliwa kwa kisingizio hicho, na mwenyewe anaweza kudai arudishiwe.

## Haki za wanawake

Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinatamka kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kushika na kutumia ardhi. Mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu ardhi kwa sababu ya hali yake haina nguvu.

Mahakama zilikuwa zimeanza njia hiyo mapema. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke zinahesabiwa kama mchango katika mali ya ndoa. Mwaka 1990, katika kesi ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, Mahakama Kuu mjini Mwanza ilikataa mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi, kwa kuwa ilikuwa ya kibaguzi.

Katika urithi bado kuna ugumu. Kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zinampa mjane nafasi ndogo. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake iliitaka Tanzania izirekebishe, baada ya malalamiko ya wajane wawili.

## Namna ya kudai haki

Mgogoro wa kawaida wa ardhi huanzia katika Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao angalau watatu ni wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la Kata nalo limebaki na kazi ya usuluhishi tangu marekebisho ya mwaka 2021. Uamuzi hutolewa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kisha kuna rufaa kwenda Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani.

Anayedai kwamba sheria yenyewe inavunja Katiba hufungua shauri Mahakama Kuu chini ya sheria ya mwaka 1994 ya kutekeleza haki na wajibu muhimu. Shauri hilo husikilizwa na majaji watatu. Mahakama inaweza kuifuta sheria, au kuipa serikali muda wa kuirekebisha. Tangu mwaka 2020 mlalamikaji anatakiwa kuonyesha jinsi yeye binafsi alivyoathirika.

## Mijadala

Mjadala mkuu unahusu umbali kati ya Katiba na utekelezaji. Uthamini unaweza kufanyika mapema na malipo yakachelewa huku bei za viwanja zikipanda. Wathamini hutegemea viwango vya mazao ambavyo wakulima huona havilingani na miaka ambayo mti ungeendelea kuzaa.

Mjadala mwingine ni wa udhamini. Wapo wanaosema kwamba kwa kuwa Rais anashika ardhi yote, kauli ya "manufaa ya umma" inaweza kupanuliwa mno. Wengine wanaona kwamba ardhi ikiwa mali kamili ya mtu binafsi itauzwa haraka, na wakulima maskini ndio wataipoteza kwanza. Tume ya Shivji ilipendekeza ardhi ya vijiji iwe chini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji badala ya Rais, lakini pendekezo hilo halikukubaliwa.

## Katika katiba nyingine

Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inalinda mali katika kifungu cha 17. Ardhi si jambo la Muungano, na Zanzibar ina sheria zake. Uganda inalinda mali katika ibara ya 26 ya Katiba ya mwaka 1995, na ibara ya 237 inasema ardhi ni ya raia wenyewe. Kenya inafanya hivyo katika ibara ya 40 ya Katiba ya mwaka 2010, ambayo hailindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria.

Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu unahakikisha haki ya mali katika ibara ya 14. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika iliyopo Arusha iliamua kwamba Kenya ilivunja ibara hiyo ilipowaondoa Waogiek katika msitu wa Mau. Kama ilivyokuwa katika kesi ya Lohay Akonaay, mahakama ilikubali kwamba watu wanaweza kuwa na mali katika ardhi waliyoikalia kwa mila bila kuwa na hati ya serikali.